Kura ya Kumi na Mbili

Vale de Sobro si mji wa mtu kupotea:
barabara mbili, kanisa, kiwanda cha vizibo,
na shule ambayo kila uchaguzi hugeuka kituo.
Mimi ndiye karani. Miaka thelathini na minne
nakunjua karatasi za watu ninaowajua kwa kikohozi.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi.
Wekundu, mia nne na ushee.
Chama cha Nyumba Kubwa, kumi na moja.
Mvua inyeshe, mkate upande bei,
serikali ianguke kule Lisboa mara mbili kwa mwaka,
kumi na moja,
kama timu isiyobadili kikosi.

Tuliwataja bila kukunja vidole:
padri na dada yake Idalina;
daktari Quaresma, mkewe, mama mkwe;
wale watano wa Nyumba Kubwa yenyewe;
na Belmiro, nyapara wao,
aliyepiga kura kofia mkononi
ingawa mle kibandani hakuwamo bwana wa kumwona.

Kisha ukaja mwaka ule.
Nilihesabu. Nikalowesha kidole, nikahesabu tena.
Anselmo wa posta akanipokonya, akahesabu kwa sauti,
na alipofika kumi na mbili akaishusha
kama mtu aliyetaja ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Kufikia usiku mji mzima ulikuwa mpelelezi.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema mkahawani,
wakaanza kupekua nguo.
Mwalimu mgeni, yule wa kaskazini,
hakuuziwa maziwa wiki nzima.
Fundi Clemente alikuwa amenunua gari;
akaulizwa amelinunua kwa pesa za nani.
Zulmira alimnusa mumewe kolani
kama anayetafuta manukato ya mwanamke.

Nami nilijua.
Nilijua tangu karatasi ile ilipofunguka mezani:
msalaba uliolala ubavu, mkia mmoja mrefu,
kama ngazi iliyoteleza ukutani.
Ni mmoja tu humu aliyechora hivyo,
kwa mkono uliobakiwa na vidole vitatu
baada ya mashine ya vizibo kula viwili.
Baba yangu.
Baba, aliyebeba bendera nyekundu mwaka ule
askari walipochomeka maua kwenye mitutu;
baba, ambaye picha yake na bendera hiyo
ilining'inia mkahawani, juu ya vichwa vya wapelelezi.

Niliitia katika fungu lake.
Nyumbani nikamkuta anamenya kitunguu saumu.
Nikasema, "Wamepata kumi na mbili."
Akasema, "Chumvi iko wapi?"

Sikuuliza. Alikufa sijauliza.
Labda ni kwa ajili ya daktari, aliyekuja usiku wa vidole
kwa miguu, matope magotini, asidai hata senti.
Labda alichoka kuwa picha.
Labda alitaka kujua, mara moja tu maishani,
kama kweli kura ni siri.

Siku hizi kiwanda ni nyumba ya popo,
treni hupita bila kupunguza mwendo,
na vijana hutuma pesa na lawama kutoka Uswisi.
Kimekuja chama kipya, chenye kelele,
ambacho hakijawahi kuleta mtu hapa hata kunywa maji,
kikazoa mia mbili na tisini mara ya kwanza.
Mia mbili na tisini! Na kesho yake mkahawani
hakupatikana hata mmoja aliyekichagua.
Wala hakuna aliyepekua nguo.

Wekundu, Jumapili iliyopita, kumi na moja.
Naweza kuwataja: Zulmira; Anselmo na mkongojo wake;
mjukuu wa Belmiro, Mungu ana vituko;
na wengine, mnawajua.
Nilihesabu mara mbili, nikafunga kwa lakiri,
nikafungua kalamu kwenye uzi wake.
Kati ya hizo kumi na moja kulikuwa na msalaba
uliolala ubavu, mkia mmoja mrefu.
Anselmo aliutazama, kisha akanitazama mikono.
Vidole vyangu vyote kumi vilikuwa juu ya meza.