Nimeikata Pua

Hokororo, nimeikata pua.
Usinitazame hivyo. Niliichora kwa penseli kwanza,
nikaizungushia uzi mara mbili kuhakiki duara,
nikavuta msumeno wa chuma polepole
juu ya meza ya jikoni, Mama Fulgensia akiwa sokoni,
na vumbi la msufi likamwagika jeupe kama unga wa muhogo.

Ndani nililikuta chubwi lako.
Lile la kuvulia, ulilopewa Mikindani na mjomba wako,
ukaligandisha kwa lami ili mkia usiizidi pua.
Nimelipima kwa sonara: gramu themanini na mbili.
Miaka sita limesafiri bure,
limepanda kila upepo wa Newala
bila kusukuma hata unyoya.

Mota ni gramu hamsini na nane.
Mapanga mawili na shikio lake, kumi na tatu.
Kofia ya mpingo, kumi na moja.
Jumlisha mwenyewe.
Betri nimeilaza chini ya bawa, penye kitovu,
haielemei mbele wala nyuma.

Kuhusu hiyo kofia, nilimwendea Nandonde, mchonga vinyago.
"Unataka nini?" Pua. "Ya nani?"
Ya ndege. Akacheka mpaka patasi ikamponyoka.
Lakini aliikereza. Mara ya kwanza ilipepesuka,
meza ikatetemeka, vikombe vikasogea kama vimeitwa.
Unene wa unywele tu, upande mmoja.
Akaisugua kwa jani la msasa, akaipuliza,
akaizungusha kwenye ncha ya sindano,
akasema hajawahi kuona kinyago kinachodai adabu kiasi hiki.
Kati ya kofia na shingo inapita karatasi moja ya daftari.
Mbili hazipiti.

Jaribio la kwanza mota ilizunguka kinyumenyume,
ndege ikarudi nyuma mezani kama mbuzi anayekataa kamba.
Nyaya ni tatu. Nikabadilishana mbili, mbili zozote,
na dunia ikageuka.
Nilitaka kukwambia siku ileile.
Ila tulikuwa hatusemezani.

Ulisema ndege ya upepo ikitiwa mota
ni mtu anayebisha hodi kuomba
huku mkwiji umemjaa kiunoni.
Sikukujibu. Nilikuwa naikumbuka Agosti ile,
upepo ulipokata ghafla pale ukingoni, Shimo la Mungu,
tukaitazama inashuka, inashuka, kuelekea bonde la Ruvuma,
na siku mbili tukizunguka kwenye mashamba ya watu,
"Jamani, mmeona ndege?"
nao wakituonyesha mbinguni.

Leo umekuja.
Umesimama mbali, karibu na pikipiki, mikono mfukoni.
Nimeirusha, nimesukuma kijiti.
Ndiyo, inalia. Nyigu ndani ya chupa.
Sekunde kumi na mbili, nimezihesabu kwa sauti
ili usikie kwamba nahesabu,
mpaka imekuwa ndogo kama kijiti cha kiberiti.
Kisha nimezima.

Mapanga yamejikunja yenyewe,
yamelala ubavuni kama masikio ya sungura.
Kofia ya mpingo imetangulia, nyeusi, bila neno,
na upepo wako umeichukua
palepale ulipozoea kuichukua.
Kimya hiki, Hokororo, ndicho nilichokinunua.
Mota ilikuwa nauli tu.

Nimesikia hatua zako kwenye changarawe.
Umeninyang'anya rimoti bila salamu.
Umeizungusha mara tatu juu ya bonde, kwa vile vidole vyako
visivyosahau, na upepo ukaanza kuchoka,
ndege ikainamisha bega,
nikakiona kidole gumba chako kinakitafuta kijiti,
kinasita,

kinasukuma.

Chubwi lako lipo mfukoni mwangu.
Utalidai ukitaka.