Wati Ishirini

Kisanduku cha chini ya meza kilianza kupiga kelele Jumatatu,
umeme wa Bugarika ulipokatika saa mbili kasoro.
Si ile pii ya kawaida, ya kuhesabu, pii… pii…
bali piiiiii moja ndefu, kama mtu aliyekanyagwa,
kisha kimya, kisha kioo cheusi,
na ratiba ya mazishi ya mzee Nsulwa
ikaenda naye.

Fundi Bahebe akasema, betri.
Fundi Bahebe husema betri hata pasi ikigoma.
Nikashuka mawe hadi Makoroboi, nikatoa elfu sitini na tano,
nikapanda nayo ndani ya kanga kama mtoto mgonjwa.
Jumanne, saa ileile: piiiiii.

Basi nikapiga magoti. Simu nimeing'ata, tochi inawaka,
nikasoma mgongo wa kila kitu.
Mbele ya kisanduku, kwa herufi kubwa: 650.
Nyuma, kwa herufi za sisimizi: wati 360.
Miaka mitatu nimeishi na ile namba ya mbele.

Printa niliifukuza zamani, inakula ukutani.
Kompyuta, mia na themanini. Kioo, thelathini.
Kile cha intaneti chenye vitaa vya kijani, kumi.
Nikajumlisha kwa penseli ukutani: mia mbili na ishirini.
Kinabeba. Kinabeba na nafasi inabaki.
Sasa nani kapanda juu?

Nyumba za kwetu zimeketi juu ya mawe,
na mawe yameketi juu ya mawe,
na hakuna ajuaye lipi la chini litasema basi.

Nikapapasa. Nyuma ya kabati, waya mweupe
ambao sikuununua mimi.
Umepita chini ya zulia, umeingia tundu la panya,
umetokea chumbani kwa wifi yangu.

Nkwimba alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini,
mbele yake boksi jeupe la minofu ya sangara
lililotobolewa dirisha;
ndani taa nne za arobaini,
bakuli la maji,
mayai ishirini na manne.
"Siku ya kumi na nane," akasema.
"Jumapili umeme ulilala nje saa nne. Nikaona chako hakizimiki."
Hakusema samahani.
Nami sikusema nililokuja nalo.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, husema watu;
sisi Wasukuma tu jirani zake, tunaokota unaodondoka.
Nne mara arobaini. Jumla mia tatu na themanini.
Wati ishirini zimezidi. Nusu ya taa moja
ndiyo iliyokuwa ikilia miguuni pangu,
nami nilikwisha kuanza ujumbe kwa kaka yake, Geita:
*Mume wangu, huyu dada yako…*
Nikaufuta herufi moja moja.

Alhamisi ukakatika tena.
Wadudu wa ziwani, wale wasiouma, wanaotaka mwanga tu,
walikuwa wamejaa kwenye kioo hadi jina la marehemu halisomeki.
Nikazima kioo kwanza. Thelathini, nje.
Kisanduku kikahesabu kwa adabu, pii… pii…
Nikachapa mistari miwili ya mwisho gizani,
saa ya kaburi, jina la mchungaji,
nikahifadhi kwa vidole viwili, nikaizima kompyuta,
nikaziacha taa za Nkwimba ziwake peke yake.
Ziliwaka robo saa. Kisha tukalifunika boksi kwa blanketi langu,
tukakaa, kila mtu upande wake, bila la kusema.

(Asubuhi nikakuta nimeandika *Mchumgaji*.)

Jumamosi alfajiri, umeme upo,
nikasikia pii.
Nikaruka kitandani, mkono tayari kwenye swichi.
Kisanduku kimetulia, kitaa chake kijani.
Pii, tena. Ndogo zaidi. Haihesabu chochote.
Na nyuma ya ukuta, pale ziliposimama hesabu zangu za penseli,
Nkwimba ananiita kwa jina langu la utotoni
ambalo sijui nani alimwambia.