Idadi

Januari, baridi ya kupasua chupa,
Veijo anapita kwangu na sepetu mbili, moja yangu.
Hatusemi. Tunasukuma theluji juu ya ziwa lililoganda
mpaka ipande kama kaburi la jitu,
maana mbingu ya siku hizi ni bahili
na sili mwenye mimba hajifungui peupe.
Atakwangua barafu kwa chini, kwa kucha,
apande gizani, ndani ya nyumba tuliyomjengea
bila kuacha mlango wa kwetu.

Juni, naparamia mwamba nyuma ya sauna,
mimi na daftari na magoti yanayolalamika.
Kipepeo ni buluu, mpana kama ukucha wa dole gumba,
madoa meusi kana kwamba karani amemrushia wino.
Ana mmea mmoja tu duniani, wa majani manene;
mwingine hautaki, hata kwa njaa.
Kiwavi wake hulindwa na sisimizi
wanaomlamba mgongo na kumwita, labda, bwana.

Huyu kilo themanini. Yule, ukimpima, unapima hewa.
Huyu atazika majira thelathini ya baridi;
yule hajui kuwa kuna baridi.
Sili ana stempu, ana jina alilopewa na watoto wa shule.
Kipepeo ana pini, na sanduku la kioo Helsinki,
na mimi.

Fomu ya serikali haibagui: Idadi.
Mwaka jana, thelathini na wanne.
Mwaka huu, kumi na mmoja,
na huyo wa kumi na mmoja huenda nilimhesabu mara mbili.

Veijo husema mdudu ni mdudu.
Lakini jana alipanda mwambani, kofia mkononi,
akanijibu nisilouliza:
Mei ya sabini na tisa, wavu wake,
mtoto wa sili, macho wazi.
"Ulikuwa mzito, Orvokki. Nilidhani samaki.
Nilifurahi. Kwanza nilifurahi."

Upepo ukapita. Sikuwa na neno la kumfaa.
Kisha: "Huyo wako anakula nini?"
Nikamwonyesha.
Akapiga magoti, akaanza kung'oa
miche ya misonobari iliyouzibia mmea jua,
mmoja, mwingine, akiitupa nyuma bila kutazama.

Hatukuona kipepeo. Nikaandika sifuri.
Mahali pa maoni nilipaacha patupu.
Giza la Juni haliji, na Veijo
alikuwa bado anang'oa.