Pembe Yenye Ufa

Pembe la nyati haliingii kwenye begi la kompyuta.
Dada yangu Shufaa alijaribu, zipu ikachanika,
akalifunga kwa leso iliyofifia maandishi,
akalikumbatia kama mtoto wa kuazima
kutoka nyumbani Langoni hadi chumba cha juu
alichokodi kwa muuza achari, Gadeni.

Pembe hilo halikununuliwa.
Lilikuja na mama yake bibi, na kabla yake sijui;
kwetu husema "tangu hapo" kisha tukanyamaza.
Wanawake wa ukoo wamelipiga kwa ufito
mbele ya maharusi wa mji huu, kichochoro kwa kichochoro.
Wengine waliachana kabla hina haijatoka,
wengine wamelala kaburi kwa kaburi.
Pembe halikuulizwa.

Bibi Mwanaate alikuwa kitandani, mguu umevimba.
"Vugo halitezewi chumbani," alisema.
"Vugo ni la ndiani."
Shufaa akamwonyesha kwenye simu
binti wa Meksiko, kofia pana kama sinia la pilau,
anaimba nyimbo za babu zake
juu ya midundo iliyotoka kwenye mashine.
Bibi akatazama hadi mwisho, kisha akataka tena.
"Na huyo babu," akauliza, "alimuomba?"

Basi Shufaa akaomba.
Aliomba kwa adabu, kwa tambuu, kwa mkate wa mofa,
wiki tatu, hadi bibi akachoka kuombwa.

Tulimpandisha ngazi juu ya kiti cha plastiki,
mimi miguuni, binamu Famau kichwani,
naye akitukemea kila kidato.
Godoro mlangoni, soksi juu ya maikrofoni,
feni tumeizima, jasho linatudondoka.
Akapiga. Tak. Tak-tak.
Akaanza kwa sauti iliyobaki:

*Haya ndooni wendani,
tumpeke bwana ndani,
mwendo wetu wa ndiani
usikike Shela pwani*

hapo kikohozi kikamkata,
na punda wa jirani akajibu kabla yetu.
Shufaa hakubonyeza kusimamisha.

Kazi ikaenda Mombasa, kwa fundi wa sauti, Mbarua,
kijana hodari, hana kosa.
Ikarudi imeoshwa, imepigwa pasi:
besi nzito, vinanda vya angani,
sauti ya dada yangu inang'aa kama sufuria mpya,
na pembe liko pale, tak, tak-tak,
safi, la mtu yeyote.
Ule mvumo wa nyuma haukuwepo,
ule kama nzi ndani ya chupa.

Mvumo ule ni ufa.
Ufa ni ngazi za nyumba ya shangazi Nuria,
usiku wa harusi yake: bibi aliteleza,
pembe likashuka vidato kumi na moja peke yake,
akaliokota, akaendelea kupiga,
goti linavuja damu ndani ya buibui.

"Rudisha," Shufaa akamwambia Mbarua kwa simu.
"Nirudishe nini?"
"Uchafu."
"Hata kikohozi?"
"Hicho kwanza."
Wakagombana hadi salio likaisha.
Nilimtumia jingine. Huo ndio mchango wangu
kwenye sanaa ya ukoo: shilingi hamsini.
(Punda hakurudi. Kwa punda, Mbarua alishinda.)

Sasa niko Malindi, nauza chaja na vioo vya simu
jirani na kinyozi mwenye redio isiyolala.
Wiki iliyopita nilikaa kitini, kitambaa shingoni,
wimbo ukapigwa.
Vijana wawili kwenye benchi wakatikisa vichwa,
mmoja akagonga goti: tak, tak-tak,
bila kujua anampeleka bwana harusi wa nani.
Nilisubiri.
Arubaini ya bibi ilikuwa imepita siku sita.

Kikaja, katikati ya kiitikio,
kikavu, kifupi, karibu kabisa na sikio.

Kinyozi akazima mashine, akanitazama kwenye kioo.
"Una kifua, ndugu yangu?"
Nikasema, "Kidogo."