Kelele ya Gia ya Pili

Kwe-kwe-kwe, ikiingia gia ya pili tu,
kuanzia mteremko wa Kiboriloni
hadi getini kwetu, Pasua.

Jumapili nikaipandisha stendi kubwa penye migomba.
Nikakaza cheni. Nikapaka grisi. Nikatikisa betri.
Nikabandika sikio kwenye mpini wa bisibisi
kama daktari na mzee asiyetaka kusema anapoumwa.
Tapeti zinaongea, ndiyo,
lakini kwa adabu.

Mlima ulijifunua, ukajifunika.
Mimi bado nimechuchumaa, bolti mdomoni.

Ndekirwa akaacha cherehani yake.
"Washa. Ongeza moto. Hapo hapo."
Akaweka kidole kimoja kwenye kibao cha namba.
Kimya.
Skrubu moja! Nikakata kipande cha ndala, nikakaza.

Jumatatu usiku nikarudi laini kama mafuta.
Geti halikufunguka.
Mbwa wangu mwenyewe akanibwekea kama mgeni.
Nikabisha, nikabisha,
hadi Ndekirwa akaja na tochi:
"Kumbe wewe? Hata chakula sijapasha.
Sikukusikia darajani."

Leo alfajiri, kabla ya abiria wa kwanza,
nimelegeza ile skrubu
nusu mzunguko.