Dole Gumba la Kushoto

Royce Tidmore amezipanga kumi na moja juu ya kioo,
roda za mshipi, zimejikunyata
kama kasa wachanga wa chuma.
"Haya, chagua," anasema, anafuta miwani.

Nje Alabama inatoa jasho.
Bwawa la mto Coosa limetulia kama chai iliyosahauliwa,
na boti tatu zinangoja zamu kwenye mteremko
nyuma ya pikapu zilizochafuka tope.

Sijui kuvua, nataka lieleweke mapema.
Mimi ni karani wa bima.
Najua bei ya kidole: jedwali lipo,
na dole gumba linawashinda wenzake wote.
La baba lilibaki kiwanda cha mbao, mwezi Machi,
mkono wa kulia.
Msumeno haukusimama. Ulimaliza ubao.

"Hii ina kasi," anasema Royce,
"zungusha mpini mara moja, kingoma kinazunguka saba na ushei,
ya kukimbiza chambo juu ya magugu.
Hii ya polepole, tano kwa moja,
ya kukokota chambo kizito kule chini
anakojilaza besi, kinywa wazi kama kikapu.
Hii breki yake sumaku.
Hii ina beringi kumi. Hii nne tu,
lakini nne za haki."

Nainua moja, naizungusha karibu na sikio.
Inakoroma.
Nyingine kimya, kama mtu aliyenuna.

"Ila breki hizi zote ni wasaidizi,"
anasema, sasa anaongea chini chini,
"breki yenyewe ni dole gumba, hapa, juu ya kingoma.
Likilegea, kingoma kinautangulia uzi,
uzi unatatizika,
unabaki na kiota cha ndege mkononi."

Kumbe ndilo hili tatizo lenyewe,
la uzi,
kabla halijahamia hospitali
na kwenye karatasi za fidia.

Nikamwambia habari ya baba.
Akazikusanya zote haraka, akaleta tatu nyingine,
mpini upande wa kushoto.
"Za mashoto," akasema. "Pole sana, Nadine."

Nikaishika moja. Nikafumba macho, nikawa baba.
Nikakunja dole gumba la kulia, nikalificha kiganjani.
Nikarusha hewani, katikati ya duka,
mteja mmoja akainamisha kichwa.
Nikarudia.

"Hapana, Royce.
Mkono unaoshika ufito ndio wenye dole,
na dole alilobakiwa nalo ni la kushoto.
Mpini ukae kulia. Kuzungusha,
vidole vinne vinatosha."

Royce akatazama mikono yake mwenyewe, huu, halafu ule.
"Basi ni ile ya kawaida," akasema.
"Ni ile aliyo nayo."

Ile nyekundu iliyochubuka, inayoning'inia gereji
tangu niko darasa la sita,
ambayo tangu Machi anaipita akitazama pembeni.

Nikanunua kishikio kipana cha mpini
na uzi mpya. Dola ishirini na kitu.
Royce alizirudisha roda zake vibokosini
bila kinyongo, moja moja,
kama mtu anayelaza watoto.

Jioni, uani.
Kipande cha risasi bila ndoana,
na beseni la kuogeshea mbwa, hatua kumi na tano.
Mrusho wa kwanza: kiota.
Wa pili: kiota kikubwa zaidi.
Akakaa kwenye ngazi, akafukunyua nusu saa
kwa vidole tisa na meno.
Wa tatu ulikwenda,
ukatua kwenye mawaridi ya jirani.
Bi Eulalie Batts akafungua dirisha,
akaona ni nani,
akalifunga taratibu.

Baba akaliinua dole lake la kushoto, akalikagua.
"Mvivu wewe," akaliambia,
kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata,
"miaka sitini na mitatu unabebwa tu."

Akarusha tena.
Nikaingia ndani kutafuta mkasi.