Nusu ya Neno

Daftari la chama chetu haliko tena sandukuni.
Limo ndani ya kompyuta isiyo na kioo,
ukubwa wa bunda la tambuu,
nimeiweka kidakani, ilipokuwa bakuli ya kichina
aliyoivunja mtoto wa Swabaha.
Paka amegundua kwamba ina joto. Hashuki.

Hatukutaka kukodi nafasi kwa watu.
"Pesa za wanawake wa Gadeni," alisema Bi Twaiba,
"zihesabiwe Gadeni."
Basi nikajifunza usiku, watoto wamelala,
hadi kila mama akaona kwenye simu yake
alichoweka, alichokopa, anachodaiwa.

Siku ya tatu nikasoma kumbukumbu za seva.
Hodi elfu nne mia mbili na sita.
Si watu wa Shela, si wa Matondoni,
si jirani aliyeishiwa na chumvi.
Wanabisha kutoka miji nisiyoweza kuitamka,
usiku kucha, bila salamu:
wanajaribu moja-mbili-tatu-nne,
wanajaribu jina la mwezi, jina la timu ya mpira,
kisha yale yale kwa herufi kubwa.

Na nywila yetu siku hiyo?
Jina la mji, na mwaka.
Nikaona haya kama aliyekutwa sokoni
buibui kalivaa kinyume.

Mlango wa nyumba hii wageni huupiga picha.
Kwa nje nakshi, kwa ndani komeo la mti.
Fundi alijua: nakshi ni ya wapita njia.
Mimi nilichonga nakshi tu,
rangi za ukurasa, maua pembeni,
nikaenda kulala.

Nikaanza upya.
Njia ya kutoka simu hadi kidakani nikaisimba,
kila tarakimu ipite imejitanda.
Nywila za akina mama sizihifadhi;
nahifadhi unga wake.
Kila muhogo nautia chumvi yake kabla ya kuusaga,
ili mihogo miwili ya sura moja isitoe unga mmoja.
Mama akija na muhogo wake nausaga tena,
nalinganisha unga na unga.
Ukiniibia unga, huwezi kuurudisha kuwa muhogo.
Hata mimi siwezi.

Diski nzima nikaifunga kwa maneno kumi,
hayamo katika methali, hayamo katika dua.
Mwizi akiibeba pamoja na paka
atapata paka.

"Na ukifa?" akauliza Mwanamkuu, mweka hazina,
kikombe cha chai mkononi.
"Chama kizikwe nawe?"

Nikayagawa. Matano kwa Mwanamkuu,
matano kwa Bi Twaiba.
Hawa wawili hawasemezani, mwaka wa tatu sasa,
kwa ajili ya sahani za pilau zilizopungua arusini.
Ndiyo maana niliwachagua.
Wasiosemezana hawali njama.

Mwezi wa Shaabani nilikuwa Mombasa, hospitali, na mtoto.
Stima ikakatika Lamu, ikarudi,
kompyuta ikaamka na kudai maneno yake.
Walikuja wote wawili. Binti yangu Rauhiya alikuwepo.
Mmoja akaandika, mwenzake kautazama ukuta;
wakabadilishana.
Ikakataa. Wakarudia. Ikakataa.

Ndipo Bi Twaiba, uso bado ukutani:
"Umeandika kwa herufi ndogo?"
"Ndogo."
Kimya. Paka akapiga miayo.
"Na nafasi katikati, umeacha?"
Mwanamkuu hakujibu. Akafuta, akaandika tena
polepole, kwa kidole kimoja.

Daftari likarudi, deni kwa deni.
Hawakunywa chai, asema Rauhiya.
Ila mlangoni Bi Twaiba alisimama kidogo,
mwenzake akitafuta kiatu.

Jana stima ilikatika tena.
Nilikuwa hapo hapo, maneno yote kumi kichwani.
Nikawapigia simu wote wawili.